Paa Lililovuja kwa Jina la Nekesa

Mwalimu wenu wa useremala alikuja kwangu Matisi, hapa Kitale, akaniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya kufunika mapaa. Alitaka siri za kufaulu. Nilimwambia siri sina, makosa ninayo ya kujaza lori. Akasema hata makosa ni sawa, mradi yatoshee kurasa chache. Basi nitawaandikia kosa moja tu, kwa sababu hilo linanikera mpaka leo, na sitaki mlirudie halafu mje kuniambia hamkuonywa.

Mimi ni Wafula, mzaliwa wa upande wa Chwele, Bungoma. Nilifika kidato cha nne, nikakosa kazi ya ofisi, nikashika nyundo ya mjomba wangu mjini Kitale. Kushika nyundo sijutii. Ninayojutia ni mengine.

Kwanza somo, maana bila hili hamtaelewa ninakasirikia nini. Kila bati hulala juu ya ukingo wa jirani yake. Ukingo wa lile bati la juu sisi tuliuita mdomo. Mdomo ukiangalia upepo unakotoka, mvua ya upepo inaingia chini yake kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Kwa hiyo unaanza kulaza mabati upande ulio mbali na upepo, kisha unasonga kuelekea upepo, ili kila mdomo uupe upepo mgongo. Mtoto wa darasa la tano anaelewa. Na nyinyi najua mnasema, "Hiyo tumeona kwa video." Video haikwambii mvua ya pale uliposimama inatoka wapi. Hilo unauliza wanaolala pale, au unaangalia kuta. Ukuta wa udongo ulioliwa upande mmoja ni barua. Isome kabla hujapanda ngazi.

Mimi sikuisoma. Nekesa aliisoma.

Nekesa alikuwa binti wa jirani yangu hapa Matisi. Alinijia na cheti cha useremala kutoka chuo cha kijijini na viatu vya kazi alivyojinunulia mwenyewe, akasema anataka kujifunza paa. Nilimwambia karibu. Sikumwambia karibu wapi. Kwangu mimi nafasi yake ilikuwa chini: ashushe mabati kwenye lori, apime, akate kwa mkasi, aivishe misumari raba zake za kuzuia maji, atupandishie. Miaka minne.

Katika miaka hiyo walikuja vijana wasiojua kushika tepu, wakapanda ngazi wiki ya kwanza. Mmoja alipigilia msumari kidole chake na ubao kwa pamoja. Huyo alipanda. Nekesa, ambaye angeitazama nyumba kwa macho tu na kukutajia idadi ya mabati, alibaki chini akimfunga yule kidole.

"Mzee, leo napanda?" aliniuliza karibu kila kazi mpya.

"Wewe ni Mbukusu kama mimi," nilimjibu. "Mwiko unaujua. Mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, mwenye nyumba anakufa."

"Lakini hii si nyumba. Ni duka ya dawa ya ng'ombe. Nani atakufa?"

"Labda ng'ombe," akasema Barasa kutoka juu. Huyu Barasa alikuwa msaidizi wangu mkuu, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na misumari mdomoni. Tulicheka wote. Nekesa hakucheka. Aliinama akaokota bati lingine.

Wateja nao walikuwa hivyo hivyo. Wakifika kwenye kazi wakamkuta ameshika tepu, walimsalimia, "Habari, bibi ya fundi, fundi mwenyewe ako wapi?" Naye aliwajibu, "Bibi ya fundi ako Chwele anapalilia. Akisikia nimechukua kiti yake atakuja na jembe." Walidhani anatania. Sikuwahi kufungua mdomo kusema huyu ndiye aliyepima nyumba yako yote.

Sasa lile kanisa.

Lilikuwa kanisa dogo la matofali, njia ya kwenda Suam, na waumini wake walikuwa wamesali chini ya turubai muda mrefu. Lori lilimwaga mabati upande wa mlima Elgon. Mimi nilikuwa na haraka, na mjini nilizoea mvua ya upepo itokee upande mwingine. Nikasema tuanze pale pale mabati yalipo, tusijichoshe kuyazungusha.

"Mzee, unaanzia upande mbaya," akasema Nekesa kutoka chini.

"Nani amekuuliza?"

"Angalia jikoni ya yule mama jirani. Ukuta ya upande wa mlima imekwisha, hii ingine ni nzima. Nimemuuliza pia. Anasema mvua ya hapa hutoka mlimani, tena inakuja imelala."

"Wewe wa chini, lete mabati."

Barasa alitoa misumari mdomoni. "Lakini mzee, si anasema ukweli, bana?"

"Na wewe wa juu, piga msumari."

Mnaona? Watu wawili waliniambia. Sikuwa mjinga wa kutojua. Nilijua, ila aliyesema alikuwa amesimama pasipo na heshima, na mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

Siku ya kulizindua kanisa, mvua ilikuja alasiri, imelala kama yule mama alivyosema. Maji hayakudondoka ovyo. Yaliingia kwa mistari, kila mdomo wa bati na mstari wake, ungedhani tumeyapimia. Kina mama wa kwaya walikuwa na sare mpya. Pasta alihubiri akiwa amefunika Biblia kwa koti. Ibada ilipokwisha akanijia mbele ya watu wote.

"Mzee Wafula, hii ni nini sasa?"

Nekesa alikuwa kando yangu, ameshika ndoo aliyokuwa akikingia maji. Na mimi nikasema, bila hata kuwaza, "Ni huyu msichana wangu. Alipima vibaya."

Ilikuwa sentensi fupi hivyo. Nekesa aliiweka ndoo chini polepole, akanitazama, akatoka. Barasa, yule asiyenyamaza, siku hiyo alisoma viatu vyake kama gazeti.

Mtu wa kazi za mikono huishi kwa jina. Lake nililichafua kwa pumzi moja. Kikundi cha kina mama cha kanisa lile kilikuwa kimemwahidi banda la kuku, kazi yake ya kwanza mwenyewe. Wakamtumia ujumbe kwamba wameahirisha. Shule iliyotaka apime paa la jiko lao ikanyamaza. Vijana wa bodaboda wakampa jina. Akipita stendi walipiga kelele, "Niaje, Vuja!" Mwingine akajibu, "Mvua ikuje, tumuone Vuja!" Mimi nilisikia kwa masikio yangu, nikapita kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

Pamoja na hayo yote alirudi kazini, sijui kwa moyo gani. Kisha ikafika zamu ya mtihani wa gredi, ule wa kumthibitisha fundi. Nyinyi mnaujua: huufanyi bila barua ya fundi aliyekusimamia, aseme umefunika mapaa kwa mikono yako. Alinijia na karatasi safi na kalamu.

Nikamwambia, "Nekesa, nitaandika nini? Paa hujawahi kupanda. Nidanganye?"

Sasa nisikieni vizuri, kwa sababu hata leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi. Mimi, niliyedanganya mbele ya madhabahu, nilimweleza huyu msichana habari za kuogopa uongo.

"Basi andika ukweli," akasema. "Andika kwamba nilikuomba na ukanikataza."

"Unanikosea heshima."

"Sawa, mzee." Akaichukua karatasi yake. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa.

Jumamosi hiyo nilienda Chwele kumwona mama yangu. Alikuwa amekwisha pita miaka themanini, lakini alichambua maharagwe haraka kuliko mashine. Nilimsimulia yote, nikitegemea aniunge mkono. Nilimwambia watoto wa siku hizi hawajali mwiko, wanataka kupanda juu ya nyumba za watu. Yeye huongea Kibukusu; nawatafsiria.

"Mwiko gani?" akauliza.

"Wa mwanamke kupanda paa."

"Nani alikufundisha?"

Nikafikiri. Hakuna aliyenifundisha. Niliusikia tu hewani, kama watu wote.

"Wafula," akasema, bila kuacha maharagwe, "baba yako alipokuwa kazini Uganda, mvua ilikuwa inakunyeshea kitandani. Nani alifunika nyumba ile?"

"Baba mdogo. Watu wote wanajua."

"Baba yako mdogo alikuwa anaogopa hata ngazi ya ghala! Nilipanda mimi. Nilingoja siku ya soko, watu wote wako Chwele sokoni, nikapanda na nyasi zangu na kamba zangu. Waliporudi nikasema shemeji alipita. Akanyweshwa pombe ya busaa kwa kazi ambayo hakuifanya, na akanywa, tena akaomba kuongezewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nipigwe? Ulikuwa na kikohozi. Nilitaka ulale pakavu." Akapuliza maganda. "Na huo mwiko ulimla nani? Baba yako alikufa mzee, na meno yake yote mdomoni."

Nyumba ile ndiyo iliyonipa kiburi cha kazi. Niliwahi kuwaambia watu kwamba ufundi wa paa tumeurithi kwa baba mdogo.

"Na wewe," akaniambia, "huyo msichana wa watu umemfanya nini hasa? Sema yote." Nikamwambia na ya kanisani. Aliacha kuchambua. Hakunipa chai siku hiyo. Kama mnawajua kina mama wa kwetu, mnajua hiyo ni hukumu gani.

Jumatatu niliandika barua. Naikumbuka neno kwa neno: "Nekesa amefanya kazi kwangu miaka minne. Anapima, anakata na anasoma upepo kuliko mimi. Hajapanda paa langu hata moja kwa sababu nilimkataza, na sababu niliyompa haikuwa ya kweli. Kanisa la njia ya Suam nililiharibu mimi baada ya yeye kunionya."

Nilimkuta hapa hapa Matisi, juu ya paa la jiko la mjane mmoja, anapigilia kofia, lile bati lililokunjwa linalofunika kilele. Kumbe alikuwa ameanza peke yake. Wanawake wanaoishi bila wanaume walimtaka, maana hawakupenda wanaume sita wageni wajae uani kwa ajili ya chumba kimoja. Niliangalia kilele chake nikitafuta kosa. Nasema ukweli, nilitafuta. Kilikuwa kimenyooka kama uzi.

Hakushuka. Nilimpandishia barua kwa ncha ya ufito, akaisoma amekaa kule juu.

"Barua ni nzuri, mzee," akasema. "Nitaipeleka kwa mtihani. Lakini jina yangu haiko kwa mtihani. Iko kanisani, mahali uliiacha."

Basi Jumapili nikaenda kanisani. Nilisimama mbele, nikasema paa hili nimeliharibu mimi, Nekesa alinionya, kisha nikamsingizia. Nilidhani watanizomea. Nilikuwa tayari kuzomewa. Wakapiga makofi!

"Mnaona unyenyekevu?" akasema Pasta, machozi yakimlenga. "Mzee mzima anabeba mzigo wa mtoto!"

"Hapana, Pasta. Sibebi mzigo wa mtu. Ni wangu."

"Haleluya!"

"Sikilizeni. Mimi ndiye niliyelaza mabati vibaya."

"Mungu akubariki, baba!" akaita mama mmoja wa nyuma. "Wazazi wote wangekuwa hivi!" Na kwaya ikaanza pambio.

Jamani. Nilisimama pale mdomo wazi, watu wanaimba wananipungia mikono. Kadiri nilivyokiri ndivyo walivyonipenda. Nekesa alikuwa ameketi benchi la mwisho, ameuficha uso kwenye viganja, na sikujua analia au anacheka. Nje nilimkuta akipangusa macho.

"Ulikuwa unalia au unacheka?"

"Vyote viwili." Akavuta pumzi. "Umeona sasa? Uongo walimeza mara moja. Ukweli wanaimbia."

"Nifanye nini tena? Nimesema!"

"Kusema hakutoshi. Tufungue paa. Tuweke mabati zile zile nilikata, kila moja mahali pake, matundu yake yale yale. Tusikate hata moja. Tubadilishe tu nani analala juu ya nani. Kama nilipima vibaya, itavuja tena, na watu waniite Vuja mpaka nizeeke."

Hiyo, vijana, ndiyo akili ya fundi. Mimi katika miaka yangu yote nisingeliwaza jambo hilo. Tulichagua Jumamosi ya mikutano ya kanisa, ili waumini wawepo. Nilimwita Barasa na wengine wawili. Nekesa akaandika namba kwa chaki juu ya kila bati kabla halijang'olewa. Halafu tukafika kwenye ngazi, na watu wote wakanitazama mimi, kwa mazoea.

Nikamwambia Nekesa, "Panda."

Mzee mmoja wa kanisa akanisogelea. "Fundi, lakini kwa mila zetu, mwanamke juu ya nyumba ya Mungu..."

"Mwenye nyumba hafi," nikamjibu. "Hilo angalau tunakubaliana."

Nilibaki chini. Goti langu lilikuwa limekwisha kukataa ngazi, lakini hata lingekubali, pale hapakuwa na nafasi yangu. Nilivisha misumari raba. Nilipokea amri. "Mzee, namba kumi na tano, si kumi na sita!" Nilipoona uzi wa kupangia mabati umelegea nikapiga kelele, "Nekesa, vuta uzi upande wa mlango!" Hakunisikia, au alinisikia akaendelea. Nikarudia. Barasa akainama ukingoni akaniambia kwa sauti yangu mimi mwenyewe, "Wewe wa chini, lete mabati." Walicheka kule juu mpaka bati moja likateleza. Nami nikalipeleka, nifanyeje.

Halikukatwa bati hata moja. Mvua ilikuja Jumapili ya pili yake, ibada inaendelea. Ililipiga paa mpaka Pasta hakusikika, akanyamaza, na watu wote wakainua vichwa. Hakuna aliyeomba wala aliyeimba. Mama wa kikundi cha kuku alipitisha kiganja kwenye benchi, akakitazama, akapitisha tena. Kikavu. Akageuka nyuma akamtafuta Nekesa kwa macho, akamwambia kwa sauti ya kushindana na mvua, "Wewe, lile banda letu utakuja lini?"

Msimamizi wa mtihani aliisoma barua yangu akaniuliza kama nilikuwa mlevi nilipoiandika, maana hajawahi kuona fundi akijiandikia mashtaka. Lakini alimpa nafasi, na Nekesa akafaulu. Leo anafunika mapaa kuanzia hapa hadi Bungoma, ana wasaidizi watano, wawili wanawake, na wote wanapanda. Yeye hanitafuti kila mara, wala simdai. Tukikutana tunasalimiana vizuri.

Kwa nini basi nimesema kosa hili bado linanikera? Kwa sababu halijaisha. Waliokuwa kanisani Jumapili ile waliona. Je, wale waliosikia tu habari ya kwanza sokoni, hotelini, stendi? Uongo wangu ulipanda pikipiki siku ile ile. Ukweli naupeleka kwa miguu, kwa goti hili. Nimemwambia muuza mbao, nimemwambia kinyozi, nimeusema kwenye matanga mpaka wenye msiba wakaniomba niketi.

Wiki iliyopita nilipanda bodaboda kutoka mjini. Kijana mpole, hana neno baya. Tukapiga hadithi, akajua mimi ndiye Mzee Wafula wa mabati.

"Ah, mzee!" akasema kwa furaha. "Si ni wewe ulitengeneza ile kanisa ya njia ya Suam? Ile ati msichana fulani alikuwa ameharibu?"

Jua lilikuwa kali, nilikuwa na kilo mbili za nyama mkononi, na nyumbani walikuwa wananingoja. Nikamgusa bega, nikamwambia asimame kando ya barabara, azime injini.